Mbwa Wasioguswa

Wadogo zangu mliobaki kazini, siku ile ya kuniaga mlinipa kanga, jiko la gesi na maneno mazuri kupita kiasi. Kisha mmoja wenu akaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ya mifugo, "yale ambayo chuoni hawafundishi." Nimekaa nikafikiri. Vyeo sina vya kusimulia. Nilipanda kama wanavyopanda wengi, polepole na kwa kusahauliwa. Ng'ombe mnawajua kuliko mimi. Kilichobaki ni mbwa, na habari zao ndizo nitakazoandika, kwa sababu hakuna mnyama aliyenipa wasiwasi kama mbwa, na kwa sababu wenye mbwa wa huku kwetu Bagamoyo hawafanani na wale wa kwenye vitabu vyenu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Marehemu mume wangu alizoea kusema nikiona wingu naanua mpaka nguo za jirani. Mkinisoma mkaona naogopa kila ukurasa, jueni sikuongeza chumvi.

Nilianzia Lugoba, kando ya barabara kuu, kwenye ng'ombe na vumbi la malori. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Mapunda, mtu wa Songea, aliyezungumza na ng'ombe kwa upole na sisi kwa ukali. Siku ya kwanza nilifika na buti mpya nikitegemea josho la ng'ombe. Akanipa kasha la baridi lenye chanjo ya kichaa cha mbwa akaniambia, "Leo mbwa."

Nikamwambia, "Mzee, mimi mtoto wa Dunda, mtoto wa madrasa."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Mtu yeyote aliyekaa Pwani anajua kwamba kwetu mbwa akija njia hii sisi tunashika ile. Mate yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Nilikuwa nimekulia humo na sikuwahi kumgusa mbwa mpaka siku ile. Mzee Mapunda akawasha sigara yake, akavuta, akasema, "Najisi inaoshwa, binti. Kichaa cha mbwa kikishafika kichwani hakioshwi. Chukua kasha twende."

Alinifundisha mengi kwa maneno machache. Usimkabili mbwa uso kwa uso, simama ubavuni. Usimkodolee macho. Mwache anuse kiganja kilichofumbwa. Bandeji ya kufunga mdomo inazunguka pua, fundo la kwanza juu, la pili chini ya kidevu, kisha unaipeleka nyuma ya masikio na kufunga fundo unaloweza kulifungua kwa mvuto mmoja. Kasha la baridi halikaliwi, haliachwi juani, wala halihifadhi soda ya mtu. Hilo la soda alilirudia sana, nikajua kulikuwa na mtu aliyewahi kuiweka.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameshasikia. Hakunigombeza. Alikuwa ameweka ndoo ya udongo msafi mlangoni mwa bafu, pembeni ya maji, akaendelea kuchambua mchicha. Wenzangu walianza maisha na sufuria na vitanda. Mimi nilianza na ndoo ya udongo, na kila nilikohamia nilihama nayo.

Nilipoletwa Bagamoyo nilidhani nimepumzika na mbwa. Mjini kweli ni wachache. Toka nje ya mji, nenda upande wa Makurunge, ndipo utakapowaona. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo hawaachi kitu, na ngedere kwenye mahindi ni maharamia. Kwa hiyo kila shamba lina mbwa, na kila mbwa ana mahali pake: nje ya ua, chini ya banda la kuni, na kigae chake cha chakula anachowekewa bila kushikwa. Haingii ndani. Hapapaswi. Ukiuliza ni wa nani, utaambiwa, "Wa shamba huyo."

Lakini ana jina, na jina hilo kwa kawaida amepewa jirani. Mnajua desturi hiyo. Mtu mwenye kinyongo hamtukani mwenzake. Anafuga mbwa akamwita Yatawashinda, halafu anamwita kila jioni kwa sauti ya juu kuelekea uani kwa wahusika. Nimechanja Tumewazoea, nimechanja Hamkujua na Semeni Tena. Siku ya chanjo nikiita majina, nusu ya kijiji inaangalia chini.

Siku hizo za chanjo walikuwa wakija na mbwa amefungwa kamba kwenye ncha ya mti mrefu, mwenyewe ameshika ncha ya pili, ili wasikaribiane. Mgeni angedhani wanamchukia. Mimi nilikuwa nasubiri sindano iishe, maana nilijua kinachofuata. Mwenye mbwa alikuwa akisogea, akageuza uso pembeni kama anayeuliza bei ya nyanya, akasema kwa sauti ya chini: "Bi Zuhura, huyu siku hizi akiamka miguu ya nyuma inamgomea. Kuna dawa?" Mwingine: "Anakunywa maji sana, kisha hanenepi." Na mzee mmoja wa Kikwere, ambaye sitamsahau, alinivuta kando akaniuliza kama uzee wa mbwa unauma. Nikamwambia unauma kama wetu. Akatikisa kichwa, akaondoka na mti wake.

Wapo pia wale waliotoka Dar wakajenga upande wa ufukweni, wenye mbwa wakubwa wanaolala sebuleni. Hao walinipigia simu kwa kiuvimbe kidogo kama punje ya mbaazi, na walikuwa wameshakisoma kwenye simu kabla sijafika. Niliwatibia mbwa zao kwa heshima zote. Ila hofu yao na hofu ya yule mzee wa Kikwere nilizipima, nikaona uzito ni uleule. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mikono ya kumsaidia na mwingine alikuwa na macho tu.

Hili ndilo nataka mlishike. Mtu asiyemgusa mbwa wake anajua mwendo wake, anajua sauti yake, anajua ameacha tonge ngapi kwenye kigae. Hajui kilicho chini ya manyoya. Kupe waliojaa sikioni hawaoni, mbavu zilizotokeza hazioni, jino lililooza hana habari nalo. Msimcheke wala msimhubirie. Muulizeni ameona nini, halafu ninyi mwambieni mmegusa nini, na kwa pamoja mtampata mbwa mzima.

Sasa nifike Makurunge, kwa Bi Mwanahawa. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini.

Bi Mwanahawa ni mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikaa na binti yake Asha na mjukuu wake Salma, aliyekuwa ndio kwanza ameanza darasa la kwanza. Mbwa wake alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limechanwa na nguruwe pori, na jina lake Mtachoka. Alipewa jina hilo mwaka ambao Bi Mwanahawa aligombana na jirani yake, Mzee Shomari, kuhusu mpaka wa mashamba yao. Kila magharibi ilikuwa ikisikika "Mtachokaaa!" mpaka barabarani. Mzee Shomari alijibu kwa kununua redio kubwa. Hali ikawa hiyo kwa miaka, mbwa akazeeka na redio ikazeeka.

Asubuhi moja nikiwa nachemsha chai simu ikalia. "Bi Zuhura, Mtachoka kamng'ata Salma."

Nikamuuliza yale mnayoyajua: wapi, lini, damu imetoka, mbwa yuko wapi.

"Mkononi. Alfajiri hii, mtoto anapita kwenda msalani. Damu imetoka. Mbwa yuko chini ya kuni." Akashusha sauti. "Anatoa mate."

Nilizima jiko. "Mmeosha kidonda?"

"Tumeosha, mwanangu. Mara saba kama ipasavyo, na udongo."

Nilifumba macho nikiwa nimesimama. Hakukosea kwa uzembe. Alikuwa amefanya alichofundishwa, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyohivyo. Lakini udongo wa chini ya banda la kuni ulikuwa sasa ndani ya matundu ya meno kwenye mkono wa mtoto. Nikamwambia achukue sabuni na maji yanayotiririka, aoshe tena kwa muda mrefu, bila kusugua kwa nguvu.

"Na twahara yake?"

"Sabuni kwanza, mama. Nakuja."

Baadaye alimwendea mwalimu wa madrasa akamuuliza, na mwalimu akamwambia kidonda si chombo, afuate maneno ya daktari na Mungu ni msamehevu. Na niseme haki: yale maji mengi ya kwanza hayakupotea bure. Muuguzi aliyempokea mtoto hospitali alisema kuosha kwingi vile ndiko anakokutaka kwa kila anayeng'atwa, ila udongo ndio aliupigia kelele. Tangu siku ile, kila nilipochanja mbwa nilisema wazi mbele ya watu: jeraha ni maji na sabuni, udongo acheni kwa vyombo. Nanyi semeni. Hakuna bango linalosema hivyo kwa sababu wanaoandika mabango hawakukulia Dunda.

Nilimkuta Salma amekaa kwenye mkeka, mkono umenyooshwa, halii. Matundu mawili yaliyo wazi, wekundu wa udongo bado ukingoni. Tuliosha tena. Asha akampakata kwenye bodaboda wakaenda hospitali, na siku hiyohiyo alipata sindano yake ya kwanza. Kabla hajapanda, Salma aliniuliza, "Bi Zuhura, mie nitabweka?"

"Hutabweka," nikamwambia. "Sindano inakwenda mbele ya ugonjwa."

Nilitamani moyo wangu uwe na uhakika ulioko kwenye sauti yangu.

Kisha nikaenda kwa mbwa. Alikuwa amesimama, kichwa kimeinama upande, uzi wa mate unaning'inia. Alipotaka kugeuka alijigonga bega kwenye nguzo, akaingurumia nguzo. Nikauliza amekula lini. Jana hakula, juzi alionja akaacha. Nikauliza chanjo.

"Ya mwisho ni ile ya mwaka wa mvua kubwa," Bi Mwanahawa akasema. "Zilizofuata alikuwa hawezi tena kutembea mpaka ofisi ya kijiji. Na mie nani wa kumbeba?" Alisema hivyo akitazama mikono yake.

Ukijumlisha chanjo iliyopitwa na wakati, mate, kutokula, kung'ata mtu wa nyumbani na kuingurumia nguzo, unapata jibu ambalo hakuna mtu wa kazi yetu anataka kulitamka. Nilikuwa bado nalitafuna mdomoni Mzee Shomari alipotokea upande wa mpaka na wanawe wawili, marungu mkononi.

Nilidhani amekuja kulipiza miaka ile ya kuitwa kila magharibi. Nikasimama kati yao na banda la kuni. "Mzee Shomari, shikamoo."

"Marahaba. Ondoka hapo, Bi Zuhura."

"Mbwa huyu hauawi leo."

"Mie nilikuwa na kaka," akasema, na hakuwa akipaza sauti. "Aling'atwa, akapona kidonda, tukasahau. Halafu siku moja akaletewa maji kwenye kikombe, akapiga kelele kama kaletewa nyoka. Mie ndiye niliyeshika kikombe. Usinifundishe kichaa cha mbwa."

Wanawe walitazama chini. Nadhani hata wao hawakuwahi kuisikia habari hiyo.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Mbwa aliyeng'ata akiwa na kichaa hamalizi siku kumi. Akifa humo ndani, kichwa chake kinapelekwa kupimwa na hospitali inajua moja. Akiishi, mtoto hakupata ugonjwa kwake. "Lakini ukikipondaponda kichwa hicho leo, hakipimiki, na mama wa Salma atakaa na swali hili maisha yake yote."

"Na akitoka?"

"Mfungie."

"Nani amfungie?"

"Wewe usiyemwamini."

Mzee Shomari akawaambia wanawe waende nyumbani wakalete miti, misumari na waya.

Lilikuwepo banda la mbuzi lisilotumika karibu na mpaka. Mzee Shomari alilizungushia waya mpaka paka asingepenya. Mimi nilimwingiza Mtachoka kwa kitanzi changu cha kamba kilichopitishwa ndani ya bomba la maji, kifaa alichonitengenezea Mzee Mapunda na ambacho hakuna kiwanda kimewahi kukizidi. Mbwa hakupigana. Alitembea kama mzee anayeongozwa kwenye nyumba asiyoijua.

Ndipo kungoja kukaanza. Wanaosema kazi yetu ni sindano hawajui. Kazi yetu kubwa ni kungoja huku watu wanakutazama usoni. Bi Mwanahawa alitandika mkeka upande wa jikoni. Mzee Shomari alileta kigoda chake upande wa mpaka, panga likiwa mapajani. Mbwa katikati. Siku za mwanzo hawakusemezana. Chai ilipomiminwa ilikuwa kikombe kimoja. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku, na nikikaribia njia ya kuingilia kwao napunguza mwendo wa pikipiki, nikiogopa kitakachonipokea.

Tulimsukumia maji na uji wa dagaa kwa fimbo. Alipokunywa maji Bi Mwanahawa alisema alhamdulillahi, nikalazimika kumwambia asishangilie bado: ile hofu ya maji ni ya wanadamu zaidi, mbwa mgonjwa anaweza kunywa. Sikupenda kumnyang'anya furaha hiyo. Uji alilamba kidogo, akaacha, akasugua shavu chini. Mate yalitoka upande mmoja tu. Upepo ukigeuka nilisikia harufu ya kuoza.

"Ni jino," Bi Mwanahawa akasema. "Mfungue mdomo umtazame."

"Siwezi."

"Si una bandeji?"

"Ninayo, mama. Lakini mdomo wa mbwa anayeshukiwa hauingizwi mkono, hata na sisi tuliochanjwa. Mpaka siku zitimie."

"Basi kama ni jino," akasema, "anaumwa njaa mbele ya macho yetu, na sote tumekaa."

Ilikuwa kweli, na ilinichoma. Niliondoka bila kuaga vizuri. Wadogo zangu, mtakutana na siku za namna hiyo, ambapo kanuni ni sahihi na mnyama anateseka vilevile. Msijifanye hamuoni. Lakini msiingize mkono.

Aliyenipa pumzi alikuwa Mzee Shomari. Nilifika alasiri moja akaniita kwa kidole, akaninong'oneza kana kwamba mbwa angesikia, kumbe hilo ndilo alilotaka kuniambia. "Huyu hasikii," akasema. "Nimekohoa, nimemwita jina lake lile la shari, nimegonga sinia. Kimya, kalala. Halafu leo nguzo imelegea, nikaipiga nyundo. Ardhi ilipotikisika tu kainua kichwa."

Nilisogea, nikapunga kitambaa mbele ya macho yale. Yalikuwa na ukungu wa buluu ambao siku ya kwanza, kwa hofu ya mate, sikuupa uzito wake. Hakukifuata kitambaa mpaka kilipokaribia pua. Hasikii, na anachoona ni vivuli. Mtoto alipita alfajiri, pengine akamkanyaga mkia au akamruka, na mzee huyu aliyelala na maumivu ya kinywa akashtuka akang'ata kilichomgusa.

"Kwa hiyo hana kichaa," Bi Mwanahawa akasema.

"Sijasema hivyo. Kiziwi naye anaweza kuwa na kichaa."

Mzee Shomari akatikisa kichwa, akakaa tena kwenye kigoda chake. Lakini panga akaliweka chini. Na siku iliyofuata nilikuta vikombe viwili vya chai.

Siku ya mwisho nilifika nikiwa sijala. Nilisikia sauti kabla sijazima pikipiki, Salma akicheka kitu, nikajua. Mtachoka alikuwa amesimama kwenye waya, mkia unatikisika kidogo bila kujua unatikisikia nani. Nilikaa chini pale pale kwenye majani, mwanamke mzima na buti zangu, nikalia. Mzee Shomari akajifanya anakagua misumari.

Hospitali waliamua wenyewe juu ya sindano zilizobaki za Salma, kama inavyotakiwa, na Asha alizimaliza zote. Mimi nilibaki na jino. Lazima mtu amshike kichwa wakati nafunga bandeji na kuchoma dawa ya usingizi. Nikamtazama Mzee Shomari, akatazama mawingu.

"Nitamshika mie," Bi Mwanahawa akasema. "Kavu kwa kavu haina neno, na palipo na mate nitaosha. Nimeosha watoto na nimeosha maiti, sitashindwa kuosha mikono yangu."

Alipiga magoti, akaweka kiganja shingoni mwa mbwa, kisha mbavuni. Mkono ukasimama. Alimfuga mbwa yule tangu yuko mdogo wa kuenea kwenye kikapu, na alimtazama kila siku ya Mungu.

"Kumbe kakonda hivi?" akasema. "Bi Zuhura, hizi mbavu zote? Mie nilikuwa naona manyoya." Akapeleka mkono polepole mpaka begani. "Na ana joto. Sikujua wana joto namna hii."

Jino la nyuma lilikuwa limepasuka na kuoza, na kipande cha mfupa kimekwama pembeni yake, usaha juu. Nililing'oa, nikasafisha, nikampa dawa. Masikioni nilitoa kupe ambao sitawaelezea kwa sababu mnaweza kuwa mnakula. Kisha Bi Mwanahawa akaenda kwenye maji yake na udongo wake, akaosha mikono mara saba kwa utulivu, na safari hii udongo ulikuwa mahali pake.

Kilichobaki kilikuwa uzee, na uzee hatuutibu, tunautengenezea njia. Niliwaambia uji wa dagaa laini, maji mahali palepale siku zote, kivuli, na kuni zisihamishwehamishwe, maana kipofu anaishi kwa kukariri. Zaidi ya yote, mtu asimfikie ghafla. Mzee Shomari ndiye aliyelipata jawabu kutokana na nyundo yake. Kuanzia siku hiyo, yeyote aliyekwenda upande wa kuni alichukua mchi wa kinu na kugonga ardhi kwa hatua kadhaa kabla hajafika. Mbwa alisikia kwa miguu yake na kifua chake, akainua kichwa, akajua kuna mtu. Salma aliogopa kwa muda mrefu. Halafu nilipopita siku moja nilimkuta ameukumbatia mchi uliomzidi urefu, anagonga, anangoja, anagonga. Jina la Mtachoka halikuitwa tena magharibi, kwa kuwa mwenyewe hakulisikia, na ikabidi Mzee Shomari apunguze redio.

Nilikuwa nimeshastaafu, najifunza kukaa, simu ya Bi Mwanahawa ilipoingia asubuhi moja. Hakunisalimia, na salamu za Bi Mwanahawa huwa zinapita nyumba nzima, mtoto kwa mtoto.

"Bi Zuhura," akasema, "leo nimegonga."

Nikasimama.

"Nimegonga kwa mbali, nimegonga kwa karibu. Nikamwekea mkono. Kapoa."

"Pole sana, mama."

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa chuma kinachoingia ardhini, taratibu, bila haraka.

"Nimegonga mpaka Shomari kasikia huko kwake," akasema. "Kaja na jembe. Hajaniuliza neno."